Upeo wa macho ukae wapi? Mwongozo wa kupanga picha za mandhari

Itazame picha yoyote ya mandhari na ujiulize, kabla hujafika kwenye rangi wala mwanga: mstari unaotenganisha anga na ardhi umekaa wapi, na nani aliuweka hapo? Mara nyingi hakuna aliyeuweka. Mpiga picha alisimama, akanyanyua kamera usawa wa macho, akabonyeza. Kamera iliyoshikwa hivyo, bila kuinamishwa wala kuinuliwa uso, huutia upeo katikati ya fremu, iwe lenzi ni pana au ni ya kuvuta. Ndiyo maana picha nyingi zimegawanyika nusu kwa nusu ingawa hakuna aliyekusudia.

Ukitaka kuupanga upeo kwa makusudi, elewa kwanza jambo moja ambalo hata wazoefu hulichanganya: kuinamisha kamera na kuishusha kamera ni kazi mbili tofauti. Ukiinamisha au kuinua uso wa kamera, upeo unahama ndani ya fremu, lakini kila kitu kinahama nao. Mwamba uliokuwa umefunika nusu ya mlima utaendelea kuufunika vilevile. Ukiishusha au kuipandisha kamera yenyewe, unaweza kuuacha upeo palepale ndani ya fremu, ila vitu vya karibu vitapanda au kuzama mbele yake. Anza na kimo cha kamera, kisha ndiyo uje kwenye mwinamo. Ukigeuza utaratibu huo utajikuta unarudia kazi.

Hatua ya 1: Amua kati ya anga na ardhi nani ana la kusema

Nyoosha mkono mbele yako, ulaze kiganja, ufunike anga lote. Tazama kilichobaki chini. Kisha shusha kiganja ufunike ardhi, utazame juu. Upande ambao ukiufunika unaona umepoteza picha, huo ndio unaostahili nafasi kubwa. Jaribio hili linachukua sekunde kumi na linafaa kuliko kanuni nyingi, kwa sababu linakulazimisha kuchagua.

Anga jeupe au la buluu tupu la mchana lipewe ukanda mwembamba tu, sehemu ya tano ya fremu au chini ya hapo. Mawingu yenye umbo, miale inayopenya, dhoruba inayokuja, hayo yanaweza kubeba theluthi mbili au zaidi. Upande wa ardhi, usidanganywe na uzuri wa mahali penyewe: uwanda wa nyasi unaopendeza kuutazama kwa macho mara nyingi kwenye picha unakuwa zulia la rangi moja. Ardhi inastahili nafasi ikiwa na kitu cha kushika jicho karibu na kamera, au mstari wa kulipeleka jicho mbali, kama njia, kijito, alama za mawimbi mchangani, au kivuli kirefu.

Kama pande zote mbili zinashindana kwa nguvu sawa, usizibane kwenye fremu moja. Piga picha mbili.

Hatua ya 2: Tafuta kimo cha kamera

Kwenye ardhi tambarare au ufukweni, kila kitu kilichosimama kwenye usawa uleule unaosimama wewe hukatwa na upeo kwa kimo kilekile cha lenzi yako, hata kiwe mbali kiasi gani. Kamera ikiwa mita 1.6 kutoka chini, mtu wa mita 1.7 atakatwa na upeo usawa wa macho yake akiwa hatua tano mbele yako, na atakatwa palepale akiwa umbali wa mita 200. Atakuwa mdogo tu.

Ukilijua hilo huna haja ya kubahatisha. Mtu amesimama ufukweni na mstari wa bahari unapita shingoni mwake kama kisu? Kurudi nyuma hakusaidii, wala kubadili lenzi hakusaidii. Shusha kamera hadi mita 0.9: upeo sasa unapita kiunoni, kichwa na mabega viko angani, na umbo lake linasomeka. Au panda juu ya kitu mpaka lenzi ifike mita 2.5: mtu mzima anakuwa chini ya upeo. Hapo angalia rangi, kwa sababu nguo nyeusi mbele ya mchanga wenye kivuli humezwa, wakati mbele ya anga ingeonekana wazi.

Vivyo hivyo kwa vitu vingine. Mwamba wenye kimo cha mita 0.8 hautavunja mstari wa upeo mpaka lenzi ishuke chini ya mita 0.8, ukitaka nusu yake ijitokeze angani, weka lenzi mita 0.4. Jambo la kuogopa ni ncha ya kitu kugusa upeo bila kuuvuka wala kubaki chini yake: kilele cha mwamba, kichwa cha mtu, ncha ya nguzo. Jicho linashindwa kujua kipi kiko mbele na kipi nyuma, picha inalala bapa. Kwa vitu vya karibu, kupandisha au kushusha kamera kwa sentimita 20 au 30 kunatosha kuviachanisha na mstari.

Ardhi ikiwa na mteremko hesabu hii inasogea: aliyesimama bondeni atakatwa juu zaidi au atazama kabisa chini ya upeo, na aliyesimama kwenye kilima ataelea angani.

Kimo kina kazi ya pili, nayo husahaulika: kutandaza au kukunja ardhi iliyo kati yako na upeo. Chukua kidimbwi kinachoanzia mita 10 mbele yako na kuishia mita 14. Kamera ikiwa mita 1.6 kutoka chini, unene wa kidimbwi hicho machoni mwa lenzi ni kama digrii 2.6. Ishushe kamera hadi mita 0.4, unene unabaki digrii 0.65, yaani robo. Maji uliyoyaona vizuri ukiwa umesimama yamegeuka uzi. Kwa hiyo wanaopiga magoti kila wakati kwa sababu wameambiwa “nenda chini” mara nyingi hupata jiwe moja kubwa la mbele, upeo, na hakuna kitu katikati. Kama eneo la kati ni tupu na linachosha, kushuka ni dawa nzuri, maana linakunjika. Kama ndilo lenye uzuri, panda.

Ukiwa chini sana ufukweni, jambo jingine linajitokeza. Upeo wa bahari kwa lenzi iliyo mita 1.7 uko umbali wa kilomita 4.7 hivi, kwa lenzi iliyo mita 0.3 uko kilomita 2 tu. Mawimbi ya karibu yanapanda juu ya mstari na kuutia meno kama msumeno. Siku ya bahari chafu, nyanyuka kidogo mpaka mstari utulie.

Hatua ya 3: Inamisha au inua uso wa kamera

Kimo kikishapatikana, sasa uhamishe upeo ndani ya fremu. Kuutoa katikati hadi kwenye theluthi ya juu au ya chini ya fremu kunahitaji mwinamo mdogo kuliko watu wanavyodhani. Kwa sensa ya fremu kamili (milimita 36 kwa 24), kamera ikiwa imelala, ni kama digrii 9.5 kwa lenzi ya milimita 24, digrii 4.6 kwa milimita 50, na digrii 1.1 tu kwa milimita 200. Kamera ikisimamishwa wima na lenzi ya milimita 24, ni digrii 14.

Takwimu hizo zinaeleza matatizo mawili tofauti. Kwa lenzi ya kuvuta, tatizo ni utulivu: kukaza skrubu ya kichwa cha tripodi peke yake kunaweza kuusogeza upeo kuliko ulivyokusudia. Panga juu kidogo ya unapopataka, kaza, uache uzito wa lenzi ushuke, kisha utazame tena. Kwa lenzi pana, tatizo ni vitu vilivyosimama. Kuinua uso wa kamera ili upeo ushuke hufanya miti na majengo yaelekeane kwa juu kana kwamba yanaanguka nyuma. Kuinamisha ili upeo upande hufanya yatanuke kwa juu. Milima haijali. Msitu wa miti iliyonyooka au mnara utakusaliti papo hapo.

Kama huna lenzi ya kuhamisha (inayosogeza picha juu au chini bila kuinamisha kamera), njia ya kukwepa ni kuiacha kamera sawasawa, upeo katikati kabisa, kutumia lenzi pana kidogo kuliko unayohitaji, na kukata baadaye. Ukikata robo ya fremu kutoka juu, upeo unajikuta kwenye theluthi ya juu. Ukikata robo kutoka chini, unajikuta kwenye theluthi ya chini. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 inabaki 6000 kwa 3000, au 4500 kwa 3000 ukitaka kulinda uwiano wa 3 kwa 2, ambayo ni megapikseli 13.5. Kwa chapa ya kawaida au skrini, hiyo inatosha sana.

Hatua ya 4: Chagua mahali pake ndani ya fremu

Washa gridi ya mistari miwili kwa miwili kwenye kamera au simu. Kanuni ya theluthi si ya wapiga picha. Ilikuwepo kabla ya kamera. Mwingereza John Thomas Smith aliiandika mwaka 1797 akizungumzia michoro ya mandhari, na hoja yake ilikuwa kwamba sehemu mbili zinazolingana hushindana, ilhali sehemu moja ikizidi, nyingine huitumikia. Hiyo hoja ndiyo ya kushika. Mistari ya gridi yenyewe ni mahali pa kuanzia tu, na kuuchomeka upeo juu yake kila mara kunazaa albamu ambayo picha zote zinafanana.

*Theluthi ya juu.* Ardhi inatawala. Inafaa kwa lenzi pana yenye kitu cha karibu. Kabla ya kubonyeza angalia vilele vya mbali: upeo ukipandishwa sana, mlima unakatwa kichwa au unabaki na uzi wa anga usiotosha kupumua. Nafasi juu ya kilele kirefu iwe walau sawa na nusu ya kimo cha mlima huo unavyoonekana kwenye fremu. Ikishindikana, bora kukata kilele kwa nguvu na kwa wazi kuliko kukigusisha ukingo.

*Theluthi ya chini.* Anga linatawala. Hapa ardhi inageuka kuwa msingi, na msingi unahitaji kitu kinachouvunja: mti mmoja, kilima, paa, mtu. Mstari mtupu kutoka ukingo hadi ukingo hulipeleka jicho nje ya picha.

*Sehemu ya sita au chini zaidi.* Kwa mawingu makubwa, nyota, au ukimya mtupu. Usiogope kushuka, ila usishuke chini ya sehemu ya kumi bila sababu. Ukanda mwembamba kuliko huo unaonekana kama umesahaulika kukatwa, hasa ukiwa mweusi tititi.

*Katikati.* Waliokatazwa kuweka upeo katikati walikatazwa kwa sababu nzuri, lakini kuna picha zinazokufa ukiutoa hapo. Ya kwanza ni mlima na kivuli chake majini: nusu mbili zinafanana, kwa hiyo hazishindani. Ya pili ni ukungu, theluji au bahari tulivu, ambapo nusu zote mbili ni tupu na utupu ndio habari yenyewe. Mjapani Hiroshi Sugimoto amekuwa akipiga bahari kwa namna hiyo tangu mwaka 1980, nyeusi na nyeupe, maji nusu na hewa nusu, na hakuna kitu kingine ndani ya fremu. Sharti ni moja: ukiamua katikati, iwe katikati barabara. Kwenye picha yenye pikseli 4000 kwenda juu, mstari ukae 2000. Ukikaa 1850 unaonekana kama mtu aliyetaka kuuhamisha akaghairi njiani.

Kwa picha ya kivuli majini, katikati ya kupima ni mstari wa maji wa ng’ambo, pale mlima unapokutana na mlima wake. Kamera ikiwa juu zaidi ya maji na kuna mawe mbele, kivuli hakitalingana sawasawa na kitu chake, kwa kuwa maji huona mandhari kutoka chini kuliko unavyoiona wewe. Hilo si kosa lako.

*Bila upeo kabisa.* Msituni, kwenye matuta ya mchanga, au kwenye safu za milima kwa lenzi ya kuvuta, jaribu kuutoa nje. Ukubwa wa vitu unapotea na mpangilio wa maumbo unabaki. Uutoe wote, lakini. Kipande cha anga jeupe kilichobaki kwenye kona moja ya juu ndicho kitakachovuta jicho kabla ya kitu kingine chochote, na ndicho kosa linalopita kwa urahisi zaidi kwa sababu ukiwa papo hapo unatazama katikati ya fremu.

Hatua ya 5: Nyoosha, na ujue kipi cha kunyooshea

Upeo ulioenda upogo kwa digrii 1 tu una tofauti ya pikseli 105 kati ya ukingo wa kushoto na wa kulia kwenye picha yenye upana wa pikseli 6000. Baharini hata nusu digrii inaonekana, maji yanamwagika. Milimani unaweza kukosea digrii 2 na asitokee wa kukuuliza.

Fundi mwashi hutumia pimamaji kwa vitu vya kulala na timazi kwa vitu vya kusimama. Fuata mfano wake.

Pimamaji ya kamera ni kiputo kwenye kichwa cha tripodi au juu ya kamera, au mstari wa kielektroniki kwenye skrini. Kabla ya kuuamini, ujaribu: weka kamera juu ya meza, soma, kisha igeuze nusu mzunguko ikae palepale, usome tena. Kiputo kikiegemea upande uleule wa meza, meza ndiyo imelala. Kikihama na kuegemea upande wa pili wa meza, pimamaji ndiyo mbovu. Kiputo cha kwenye tripodi hupima tripodi, si kamera. Bamba la kufungia kamera likikaa upande, kiputo kitakudanganya huku kimetulia katikati.

Bila kifaa, tumia kingo. Tazama umbali kati ya upeo na kona ya juu kushoto, kisha kona ya juu kulia. Macho hupima vizuri zaidi kwenye kingo kuliko katikati.

Sasa mtego. Si kila mstari wa mbali ni upeo. Ukingo wa ziwa unaojipinda kuja upande wako utaonekana umelala mshazari hata kamera ikiwa sawa kabisa, kwa sababu upande mmoja uko karibu zaidi na wewe, na maji ya karibu hukaa chini zaidi kwenye fremu. Ukiunyoosha huo, unaipindua dunia nzima. Mteremko wa vilima hufanya vivyo hivyo. Hapo achana na pimamaji ushike timazi: kitu chochote na kivuli chake majini viko kwenye mstari mmoja wa wima. Chukua kilele na kilele chake majini, au ncha ya mti na ncha yake, uvute mstari kati yao kwenye programu ya kuhariri, uufanye wima. Kama hakuna maji, tumia nguzo au ukuta ulio karibu na katikati ya fremu. Ule wa pembeni huenda lenzi pana imeshaulaza.

Tatizo la tatu ni mpindo wa lenzi. Lenzi pana nyingi, hasa za kuvuta karibu na mbali zikiwa kwenye upana wake wa mwisho, huutia upeo tumbo ukiwa mbali na katikati: ukikaa juu unapanda kama kilima, ukikaa chini unazama kama bakuli. Ukipita katikati unabaki umenyooka. Ukiona bahari imejipinda, usiseme umepiga picha ya mduara wa dunia. Washa marekebisho ya lenzi.

Kunyoosha baadaye kuna gharama yake. Ukilinda uwiano wa 3 kwa 2, kuzungusha digrii 1 kunakula takriban asilimia 5 ya eneo la picha, digrii 3 asilimia 14, na digrii 5 asilimia 21. Kinacholiwa ni kingo, pale ulipokuwa umepanga jiwe lako likae kwa kipimo. Acha nafasi ya ziada kidogo pande zote kila unapopiga bila tripodi.

Hatua ya 6: Linda mwanga unapohamisha mstari

Kila unapohamisha upeo, kipima mwanga cha kamera kinaona picha nyingine. Ukishusha upeo, anga linazidi, kamera inadhani kuna mwanga mwingi, ardhi inatiwa giza. Ukiupandisha, kinyume chake, na mawingu yanaungua. Unapojaribu mahali tofauti pa upeo kwa mandhari ileile, tumia mpangilio wa mkono (unaoweka mwanga mwenyewe), au kwenye simu bonyeza na ushikilie kidole mpaka mwanga ufungwe. Vinginevyo utakuja kulinganisha picha tatu zenye mwanga tofauti ukidhani unalinganisha mipangilio.

Upeo ndiyo mpaka wa mwanga pia. Jua likiwa chini, anga linaweza kuizidi ardhi kwa stopu 2 hadi 4 (kila stopu ni mwanga mara mbili). Tatizo hili ni la zamani kama fani yenyewe: miaka ya 1856 na 1857 Mfaransa Gustave Le Gray, akitumia kemikali zilizokuwa zikiliunguza anga, alipiga negativu moja ya bahari na nyingine ya mawingu, akaziunganisha kwenye mstari wa upeo. Leo unaweza kufanya hivyohivyo kwa kupiga fremu mbili au tatu zenye mwanga tofauti juu ya tripodi, au kutumia filta yenye giza nusu ya juu. Upeo wa bahari ulionyooka unataka filta yenye mpaka mkali, na mpaka huo uushushe taratibu huku ukitazama skrini mpaka utue juu ya mstari. Ukizidisha, ukanda mweusi unatokea kwenye maji. Ukipunguza, ukanda mweupe unabaki juu ya upeo. Mlima au mti ukivuka upeo, filta hiyo itautia giza kichwani bila huruma, kwa hiyo tumia yenye mpaka laini. Kwa picha ya kivuli majini, filta ya stopu 1 au 2 inatosha: maji kwa kawaida yawe meusi kuliko anga lake. Yakitoka meupe kuliko anga, kila mtu atahisi kuna kitu hakiko sawa hata asipojua ni nini.

Hatua ya 7: Fokasi

Upeo wa juu na jiwe la karibu hutaka ukali kuanzia miguuni hadi mwisho. Kwa lenzi ya milimita 24 kwenye fremu kamili na tundu la lenzi la f/11, fokasi ikiwekwa mita 1.8, ukali unaanzia sentimita 90 hivi hadi mbali kabisa. Sogeza hadi mita 2.5 ikiwa vilele vya mbali ndivyo muhimu. Hesabu ya kawaida huvipendelea vitu vya karibu. Upeo ukiwa chini na mbele hakuna kitu, fokasi kwenye upeo wenyewe na usihangaike.

Panorama na jua linalotua

Kwa panorama, upeo uwe katikati ya kila fremu wakati wa kupiga, kamera wima, na kinachosawazishwa ni kitako cha tripodi, siyo kichwa. Ukisawazisha kichwa peke yake, fremu ya kwanza itakuwa sawa na ya sita itakuwa imelala. Ukiinua uso wa kamera huku unazunguka, upeo unajipinda kama wimbi na programu itakata juu na chini ili kuunyoosha. Upeo uhamishwe wakati wa kukata, baada ya kuunganisha.

Jua lina upana wa nusu digrii hivi na husafiri digrii 15 kwa saa, yaani upana wake mwenyewe kila dakika 2. Linapotua likishuka wima, tangu ligusane na mstari hadi lizame ni kama dakika mbili tu. Mahali linapotua kwa mshazari linachukua muda zaidi, na linahama pembeni huku likishuka. Kwa lenzi ya milimita 200, jua ni duara la milimita 1.8 kwenye sensa yenye milimita 24 kwenda juu, dogo kuliko wengi wanavyotarajia. Panga upeo mapema, kaza, usiguse tena kichwa cha tripodi. Jua lifuate mpango wako. Na usilitazame kwa lenzi ya kuvuta kupitia kioo cha kutazamia, tumia skrini.

Kwenye kompyuta au simu

Utaratibu wa kuhariri una maana yake. Rekebisha mpindo wa lenzi kwanza, nyoosha upeo pili, sahihisha vitu vya wima tatu, kata mwisho. Ukinyoosha kabla ya kurekebisha lenzi, unapima rula kwenye mstari uliopinda, na ukiwasha marekebisho baadaye upeo utaruka tena. Ukirekebisha wima, rudi utazame upeo mara moja zaidi, kwa sababu zana hiyo mara nyingi huzungusha picha kimyakimya. Kisha punguza picha hadi iwe ndogo kama kidole gumba na uipindue juu chini. Ikiwa juu chini, majina ya vitu yanapotea, na nusu iliyo nzito kupita kiasi inajionyesha yenyewe. Ongeza au punguza ukanda wake, asilimia tano kwa wakati mmoja, mpaka itulie.